Skauti Hutanguliza Sikio

Mwulize mtoto yeyote wa shule hapa Kenya skauti ni nani, atakutajia skafu ya shingoni, filimbi na saluti ya vidole vitatu. Mwulize kocha wa timu ya mtaani, atakwambia skauti ni yule jamaa anayesimama pembeni mwa uwanja akisaka kipaji. Huku Isiolo tuna skauti wa hifadhi za wanyamapori, vijana wanaoamka alfajiri kufuata nyayo za punda milia wa Grevy na kuangalia kama jangili amepita. Kila mmoja ana lake, ila wote wanakubaliana kwamba skauti ni mtu wa macho.

Waingereza nao hulitumia neno hilo, scout, kwa maana ya kwenda mbele ya wenzako ukaangalie mambo yalivyo. Lakini ukilifuata hadi kwao, jicho hulikuti. Liliingia Kiingereza katika karne ya 14 kutoka kwa Wafaransa wa zamani, waliosema escouter, na Wafaransa walilirithi kutoka Kilatini, auscultare. Maana yake ni kusikiliza. Mzizi huo ndio uliowapa madaktari jina la kile kitendo cha kuweka kifaa kifuani mwa mgonjwa na kusikiliza mapigo ya moyo. Kwa asili ya jina lake, basi, skauti ni mtu aliyetumwa kutega sikio. Na ukifikiri, jambo hilo lina mantiki: usiku wa kiza, penye adui, jicho halifiki mbali, ila kikohozi cha mtu au kwato ya farasi hukufikia hapo ulipojibanza.

Nimelitafakari sana jambo hili kwa sababu ya Kulamawe. Siusemei mtaa wa jina hilo ulioko mjini Isiolo. Nakisemea kituo kilichoko kwenye barabara ya kwenda Garbatulla na Modogashi. Jina halihitaji mkalimani, na nchi yenyewe inalithibitisha: tambarare kubwa, mawe meusi ya volkano yametapakaa, migunga huku na huku. Hewa ikitakata, upande wa kusini-magharibi unaiona milima ya Nyambene, na mara nyingi unaona mvua ikinyesha huko juu ilhali huku chini vumbi linatimka. Mtu wa Kulamawe amezoea kutazama wingu la jirani.

Mahali kama hapo kutazama ni kazi, na kazi hiyo ina utaratibu wake. Waborana wa Isiolo wana mfumo wa dedha, yaani eneo la malisho pamoja na wazee wanaolisimamia. Wazee hao ndio wanaosema wapi palishwe wakati wa mvua, wapi wakati wa kiangazi, na wapi paachwe pawe akiba ya siku mbaya. Kabla ya kuhamisha mifugo hutumwa watu kwenda kukagua nchi. Kazi hiyo Waborana huiita aburu, na majirani zao Wasomali wanayo pia, wao huiita sahan. Hatumwi mtu yeyote tu. Hutumwa mtu anayezijua nyasi, anayestahimili kiu, na ambaye neno lake halijawahi kuwatia watu hasarani.

Niliwahi kuketi na wazee chini ya mgunga wakimpokea kijana aliyetoka kwenye kazi hiyo. Kwanza alipewa chai ya maziwa, na hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza kikombe, alifungua fundo la shuka yake akatoa nyasi alizong'oa huko, akamkabidhi mzee aliyekuwa karibu. Mzee alizivunja, akazinusa, akatafuna kipande, kisha akampa mwenzake. Ndipo maswali yakaanza. Je, kinyesi cha ng'ombe wa huko ni kikavu au laini? Kupe wapo? Maji yako kina gani? Kisimani kuna zamu za wangapi, na abba herega, msimamizi wa zamu hizo, ni nani sasa? Kijana alijibu yote bila kusita. Alikuwa ametazama vizuri, na hilo lilimpa raha kidogo, ulikuwa unaliona usoni mwake.

Kisha mzee mmoja ambaye muda wote huo alikuwa kimya akamwuliza, "Kijana wangu, nyasi umeziona. Wenyewe umewasikia?"

Hapo jibu lilichelewa. Mwishowe kijana akasema kwamba wenyeji walimkaribisha kwa amani, ila usiku, alipokuwa amelala, aliwasikia wakizungumza juu ya ngamia waliokuwa wakikohoa upande wa pili wa lugga, yaani korongo la mto mkavu. Hakulitaja mwanzoni kwa sababu ngamia wenyewe hakuwaona. Wazee wakatazamana. Mashauri yaligeuka papo hapo: mifugo isiondoke, atumwe mtu mwingine akaulize habari za ugonjwa huo. Kilichoamua safari kilikuwa maneno yaliyonaswa gizani, na zile nyasi zikabaki zimelala kwenye shuka.

Funzo nililolipata pale ni hili: aliyeona tu ameleta nusu ya habari. Nyasi hazisemi ni za nani. Kisima hakisemi juzi kulitokea ugomvi gani hapo. Malisho ambayo hujaombea ruhusa yanaweza kukugharimu zaidi ya njaa uliyoikimbia, na ruhusa haionekani kwa macho, husikika kinywani mwa mwenye nayo.

Mtu aliyelieneza neno skauti duniani kote yuko jirani yetu. Robert Baden-Powell, aliyefanya kambi yake ya kwanza ya vijana katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, alifariki Nyeri Januari 1941 na akazikwa hukohuko. Juu ya kaburi lake imechorwa duara yenye nukta katikati, alama ya njiani ya maskauti inayosema nimekwenda nyumbani. Miongoni mwa mazoezi aliyowaachia watoto umo mchezo wa Kim. Vitu kadhaa hupangwa kwenye sinia, mtoto huvitazama kwa dakika moja, vikafunikwa, kisha anaambiwa avitaje. Ni mchezo mzuri, maana unamfundisha mtoto kwamba kutazama hakujakamilika mpaka uweze kumsimulia mwenzio ulichokiona. Wazee wa Kulamawe wangeuongezea swali moja tu: na mwenye sinia alikuwa anasema nini?

Siku hizi tumepata skauti mwingine, anayepita juu sana na ambaye hanywi chai ya mtu. Bima ya mifugo inayotegemea picha za setilaiti ilianza Marsabit mwaka 2010, baadaye ikafika Isiolo. Setilaiti hupima ukijani wa ardhi. Ukijani ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, mfugaji aliyekata bima hulipwa hata kabla ng'ombe wake hajafa. Sina ugomvi nayo. Imesaidia watu, na inaona kwa siku moja nchi ambayo mtu kwa miguu angeimaliza kwa miezi. Lakini kijani si lazima kiwe chakula. Mathenge, mti ulioletwa nchini kuzuia jangwa ukageuka gugu, ni kijani mwaka mzima hata pale ulipoziua nyasi. Ukitazama kutoka juu unaona nchi imestawi. Ukimsikiliza mwenye mbuzi utajua kilichostawi ni miiba.

Hata serikali imelitambua hilo. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA, hutoa taarifa kila mwezi kwa kaunti 23 kame, Isiolo ikiwemo. Ndani yake zimo picha za setilaiti, lakini pia yamo majibu ya kaya zinazoulizwa: mnakamua maziwa kiasi gani, mnatembea umbali gani kufuata maji, mbuzi anauzwa bei gani, mkono wa mtoto una unene gani. Jicho la angani na sikio la kijijini vinaandikwa kwenye karatasi moja.

Mwaka 2020 tuliyaona hayo kwa nzige. Walivuka mpaka kuingia Kenya mwishoni mwa Desemba 2019, na Januari iliyofuata wakawa Isiolo, watu wakigonga sufuria na kupiga honi kuwafukuza. Ndege za kunyunyizia dawa zilikuwepo, lakini rubani hawezi kuzunguka kaskazini yote akitafuta mahali kundi limetua jioni. Habari zilitoka kwa watu wa chini, mfugaji na simu yake akisema wako hapa, wamelala kwenye miti hii. Ndege ikaruka kwa kufuata maneno ya mtu.

Lakini sikio la aliyetumwa pekee halitoshi. Linahitajika pia sikio la aliyemtuma, na hapa ndipo tunapoumia. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na nchini Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa. Taarifa za tahadhari zilikuwa zikitolewa mwezi baada ya mwezi. Hali ilionekana, ikaandikwa, ikasomwa. Msaada ukafika mizoga ikiwa imeshapanga foleni kando ya barabara. Waswahili husema sikio halilali njaa, yaani habari haikosi kulifikia. Kweli, ila sikio linaweza kushiba habari na mkono usiinuke.

Kaskazini tunajua pia uchungu wa kutazamwa na mtu asiyetaka kukusikia. Wakati wa vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, Waborana wa Isiolo walitazamwa wote kama maadui, wakakusanywa kwenye vijiji vya kulindwa kama Garbatulla na Merti, mifugo yao ikamalizwa. Wazee huuita wakati huo Daba, na mpaka leo hawautaji wakicheka. Na kwa miongo mingi baadaye, kijana wa kaskazini aliyetaka kitambulisho alipigwa msasa mbele ya kamati ambayo mwenzake wa sehemu nyingine za nchi hakuijua. Aliangaliwa sura, aliangaliwa karatasi za babu yake. Februari 2025 Rais William Ruto alitia saini Wajir agizo la kuuondoa msasa huo. Waliokuwa wakiulalamikia walikuwa wameanza kabla hata ya wengi wetu kuzaliwa.

Macho hayana pazia, husema methali, na ndiyo maana tunayaamini upesi mno. Jicho linatoa hukumu kabla mtu hajafungua kinywa. Umemwona kijana amekaa kibarazani mchana kutwa, umeshamwita mvivu, kumbe usiku kucha alikuwa hospitali na mama yake. Umeitazama ripoti ya mtoto wa shule, umeona alama zimeshuka, umeshika fimbo, na hujamwuliza kuna nini darasani. Umemwona mke wako anacheka na simu na umeshakamilisha kesi peke yako, hakimu na shahidi mtu mmoja. Yote hayo umeyaona kwa macho yako mwenyewe, hakuna aliyekudanganya. Ulichokosa ni lile swali la mzee wa Kulamawe.

Mitandao imeyazidisha haya. Tunatazama picha za watu mia kwa siku, nyumba zao, arusi zao, na vifo vyao pia, na jioni hatukumbuki sauti ya hata mmoja. Mchezo wa Kim tungeushinda sote. Swali la pili lingetushinda.

Kwa hiyo nina neno kwa kila aliyetumwa kuangalia kwa niaba ya wengine, uwe mzazi, mwalimu, chifu, mwakilishi wa wadi au mwandishi kama mimi. Ukifika, salimia kwanza, ukae, usikilize hata usichokiona. Ukirudi, sema yote, hasa lile ambalo halitawafurahisha waliokutuma. Nawe uliyemtuma, akikuletea habari mbaya usimgombeze mleta habari. Inuka ufanye kitu wakati ng'ombe bado wamesimama.