Binti Aliyepiga Hodi Usiku

Kila taifa lina habari za mashujaa wake. Wanorwe wana zao, na nyingi ziliandikwa katika karne ya 13 na Snorri Sturluson, mtu wa Islandi. Mimi mwimbaji wa kwaya, nilipoanza kuusikiliza muziki wa Norwe, nilitazamia tarumbeta na kishindo cha vita. Kumbe wimbo ulionishika kuliko yote hauna vita. Ni habari ya binti anayepiga hodi usiku.

Aliyeutunga muziki ni Edvard Grieg, aliyezaliwa katika mji wa Bergen mwaka 1843, akafa mwaka 1907. Maneno ni ya Bjørnstjerne Bjørnson, katika utenzi wake uitwao Arnljot Gelline, uliotolewa mwaka 1870. Arnljot huyo alikuwa hodari tena mkali, mnyang’anyi wa misituni. Snorri asimulia kwamba alimwendea mfalme Olav kabla ya vita vya Stiklestad, mwaka 1030. Hakuwa na imani ila katika nguvu zake mwenyewe. Mfalme alimfundisha, akabatizwa, akawekwa mbele ya askari, akafa palepale vitani. Mfalme naye aliuawa. Ndiye Mtakatifu Olav tunayemkumbuka tarehe 29 Julai.

Lakini Grieg, mwaka 1871, hakuchagua mapigano hayo. Alichagua kipande kidogo cha utenzi, akakiita Foran Sydens Kloster, maana yake Mbele ya Monasteri ya Kusini. Binti ametoka mbali, kaskazini, naye amesimama mlangoni. Ndani mtawa mmoja, kwa sauti ya chini, anamwuliza maswali mafupi: ni nani, ametoka wapi, amepatwa na nini. Binti anajibu kwa sauti ya juu, na orkestra inatetemeka pamoja naye. Jibu moja linavuta jingine, mpaka siri yote inatoka. Baba yake ameuawa mbele ya macho yake, na mwuaji ni Arnljot. Tena lililo gumu zaidi: moyo wake unampenda mtu yule yule.

Hapo ndipo mimi husimama na kuwaza. Angekwenda kwa nani mwingine? Ndugu za baba wangemwita msaliti. Hata yeye mwenyewe anajiogopa. Hakuja na moyo safi uliokwisha kupangwa vizuri. Amekuja nao jinsi ulivyo, umepasuka vipande viwili. Je, mlango utafunguliwa kwa mtu wa namna hiyo?

Mwishoni kwaya ya wanawake, iliyokuwa kimya muda wote, inaimba. Nao hawaulizi neno tena. Wanamwita aingie kwa Mungu, na muziki uliokuwa na hofu unatulia na kupanuka. Sisi wanakwaya mara nyingi twadhani kazi yetu ni kupamba Misa. Hapa kwaya inafungua mlango.

Jambo jingine lanishangaza. Grieg na Bjørnson hawakuwa Wakatoliki. Tena sheria kuu ya Norwe ya mwaka 1814 iliwakataza Wayezuiti na mashirika ya wamonaki. Wamonaki waliruhusiwa mwaka 1897, na Wayezuiti mwaka 1956 tu. Hata hivyo katika nchi hiyo alitokea mtu aliyewapa watawa sauti nzuri namna hii. Grieg alikuwa amekwenda Roma na kuonana na Franz Liszt, mpiga piano mashuhuri aliyepokea daraja ndogo za Eklezia mwaka 1865. Wimbo huu aliutolea kwa heshima yake.

Kuna wasemao kwamba nyimbo za mashujaa ni za kusifu upanga. Utenzi huu unao upanga, lakini unayo milango miwili pia. Binti alipiga hodi kwenye mmoja, akapokelewa. Arnljot, mwenye damu mikononi, alipiga hodi kwenye mwingine, ule wa ubatizo, naye akapokelewa. Hakuna aliyemwambia binti kwamba kosa la Arnljot ni dogo, wala kwamba uchungu wake si kitu.

Basi, wapenzi, akija mtu kwetu na moyo uliochanganyika, tumwulize kwa upole, kama mtawa yule. Naye akiisha kujibu, tusimwache nje gizani tukimtafutia swali jingine.