Pointi 21

Jumatatu, 22 Aprili 2024

Leo paredini mwalimu wa taaluma ametangaza kwamba wastani wa shule umepandishwa kutoka 45 hadi 50, kuanzia mtihani wa muhula huu. Asiyeufikia "atatafutiwa shule inayomfaa." Tukaimba wimbo wa Taifa, tukaingia darasani.

Mchana kutwa darasani kwetu, 3B, hapakukalika. Kila mtu anapiga hesabu ya alama zake za mwaka jana pembeni mwa daftari. N. hakupiga hesabu yoyote, anajijua. Analala kitanda cha juu yangu, kwao ni Muheza, na tangu kidato cha kwanza Hisabati inamtoa machozi. Kwenye Kiswahili na Historia anatuacha mbali. Insha yake ya Joka la Mdimu mwalimu aliisoma mbele ya mikondo yote miwili, na hadi leo watu wanaiazima wanakili.

Ijumaa, 26 Aprili

Muungano umetimiza miaka 60. Kwenye redio ya matroni tumesikia gwaride la Dar es Salaam tukiwa kwenye foleni ya uji, kisha tukaenda kufanya jaribio la Kemia, na baada ya chai jaribio la Jiografia. Sikukuu hapa ni siku ya kusukuma silabasi. Walimu wameagizwa wamalize mada zote za kidato cha nne kabla hatujafunga kidato cha tatu, ili mwaka kesho wote uwe wa kufanya mitihani ya nyuma tu. Ndiyo maana moli, mada ambayo Kemia yote ya mbele inaitegemea, imepita ndani ya wiki moja. Tumeandika 6.02 × 10²³ kwenye madaftari na wengi wetu hatujui ni idadi ya nini.

Niandike ratiba, maana mama huwa haamini nikimwambia. Kuamka saa kumi na nusu alfajiri. Prepo ya asubuhi mpaka saa kumi na mbili. Usafi, uji, paredi. Vipindi mpaka saa tisa alasiri. Ugali maharage. Vipindi vya ziada mpaka saa kumi na moja na nusu. Kuoga, kufua, kula. Prepo ya usiku saa moja mpaka saa nne. Taa zinazimwa saa nne na nusu. Hata mtu akipata usingizi palepale, ni saa sita tu za kulala. Mwalimu wa Baiolojia mwenyewe alitufundisha kwamba umri wetu unahitaji saa 8 hadi 10, na alipokuwa akifundisha hilo nusu ya darasa ilikuwa inasinzia. Alisimama akatutazama. Nadhani alituonea huruma, lakini ratiba haipangi yeye.

Jumapili, 5 Mei

Foleni ya kupiga simu nyumbani, dakika mbili kila mtu, matroni ameshika saa. Mama ameuliza kama nakula. Nimesema nakula. Ya wastani sikumwambia, dakika mbili hazitoshi.

Jumanne, 7 Mei

Usiku huu N. ameielewa Dunia.

Mada ya Dunia kama tufe ilifundishwa jana kwa vipindi viwili tu. Mwalimu aliandika kanuni mbili ubaoni: ya umbali kwenye mstari wa longitudo, na ya umbali kwenye mstari wa latitudo. N. alinyoosha mkono akauliza kwa nini ile ya pili ina kosaini na ya kwanza haina. Akaambiwa muda umekwenda, azikariri hivyo hivyo.

Taa zilipozimwa tukajifungia kwenye stoo ya matranka na tochi yangu. N. alikuwa na chungwa alilonunua duka la shule, na lilikuwa linamuuma, kwa sababu kwao Muheza msimu ukifika machungwa yanaoza chini ya miti kwa kukosa walaji. Nikachukua kalamu ya bluu, nikachora mstari kuzunguka tumbo la chungwa: hiyo Ikweta. Nikachora mistari ya wima kutoka kikonyoni mpaka chini, hizo longitudo. Kisha nikachora duara jingine juu ya Ikweta, na jingine karibu na kikonyo. Nikamwambia apime.

Alichomoa uzi kwenye pindo la shuka lake. Akauzungusha kwenye Ikweta, akaukata ukiwa kamili. Akauhamishia kwenye duara la juu, uzi ukabaki na ziada. Akaupeleka karibu na kikonyo, ziada ikawa ndefu kuliko sehemu iliyozunguka. Aliutazama ule uzi kwa muda, halafu akasema kwa sauti ya kuamsha bweni zima: "Kumbe kosaini ndiyo inayokula uzi!" Ndiyo. Kwenye digrii 60 kosaini ni nusu, na duara la hapo ni nusu ya Ikweta. Mistari ya wima yote ni sawa kwa sababu yote inapita kwenye ncha, haihitaji kupunguzwa. Hakuna cha kukariri hapo.

Tukaendelea. Hapa shuleni, Mufindi, ni kusini mwa Ikweta kwa digrii 8 na kidogo, Muheza ni digrii 5 na kidogo. Tofauti ni digrii 3, kila digrii ni maili 60 za baharini, kwa hiyo tukihesabu kwenda kaskazini peke yake Muheza iko maili 180, kama kilomita 333. "Basi lenyewe linazunguka mpaka Chalinze na Segera," akasema, "ndiyo maana nafika nimevimba miguu." Alifanya maswali matano mfululizo, akayapata yote.

Matroni akafungua mlango. "Nyie watoto, mnafanya nini humo?"

"Shikamoo matroni. Tunasoma Hisabati."

"Marahaba. Hisabati ina saa zake."

Alhamisi, 9 Mei

Adhabu: kudeki vyoo vya bweni mpaka Jumapili, na majina yetu yamesomwa paredini kwa makosa mawili, kuwa nje ya kitanda na kuzungumza Kiswahili badala ya Kiingereza. Ningetaka kuuliza ni saa ngapi kwenye ratiba ile niliyoiandika hapo juu mtu anaruhusiwa kuelewa. Kipindi ni cha kunakili, prepo ni ya kimya, Jumamosi ni ya majaribio. Kuelewa kunahitaji mtu akuulize, umjibu, akatae, umjibu tena. Sisi tulifanya hivyo stooni, na stooni ndiko tulikokamatwa.

N. ameniambia nisikasirike. Alikuwa anadeki huku anataja kosaini za pembe.

Ijumaa, 31 Mei

Nipo ndani ya basi la kwenda nyumbani, mlima Kitonga, lori limekwama kwenye kona na tunasubiri. Naandika kabla sijasahau ilivyokuwa.

Matokeo yalibandikwa asubuhi kwenye ubao wa matangazo, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, na mstari mwekundu umepigwa kwa rula chini ya mwenye 50. Wazazi waliokuja kuchukua watoto nao wakaanza kusoma. N. alikuwa chini ya mstari: 47. Hisabati alipata 34, na mtihani uliopita alikuwa na 19. Swali la Dunia alipata alama zote. Alinionyesha karatasi, kidole chake kikiwa kwenye vema ile, na wakati huohuo karani alikuwa anaita majina ya watakaopitia ofisini kuchukua barua.

Mama yake alikuwa amevaa kitenge cha sherehe. Alisafiri siku nzima na nusu. Aliitia barua kwenye mkoba bila kuifungua, akanisalimia, akaniuliza hali za nyumbani kwetu Morogoro, akanishukuru kwa kumsaidia mwanawe. Sikuweza kujibu.

Jumapili, 16 Juni

Morogoro. Nimelala wiki mbili hizi kama mgonjwa aliyepona. Leo nimekaa na baba kibarazani, nikamwomba anisaidie kuhakiki hesabu.

Kwa Baraza la Mitihani, alama 45 hadi 64 ni C. C ni pointi 3. Kidato cha nne wanachukua masomo saba uliyofanya vizuri zaidi: C saba ni pointi 21. Daraja la pili linaanzia pointi 18 na kuishia 21. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye 47 katika masomo yote saba anapata daraja la pili. N. hana 47 kila somo. Ana F ya 19 iliyopanda kuwa D ya 34 ndani ya muhula mmoja, na Kiswahili na Historia ana A. Baba amerudia kujumlisha mara mbili, akasema hapo hakuna mtoto aliyefeli.

Basi wanaogopa nini? Pale kwenye korido ya ofisi ya mkuu ukuta umepakwa rangi, na juu yake kuna nafasi za shule kitaifa mwaka hadi mwaka. Baraza liliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, lakini ukuta haujafutwa. Kila mzazi anayekuja kuulizia nafasi anapitishwa kwenye korido hiyo. Daraja la pili la N. lingekuwa furaha kwa Muheza nzima. Kwenye ukuta ule ni doa.

Baba anasema viongozi wa wizara wameshazikemea hadharani shule binafsi zinazoondoa watoto kwa kigezo cha wastani. Shule haisemi inaondoa. Inasema mzazi alisaini fomu ya kujiunga.

Sisemi shule isiwe ngumu. Nilikwenda kule kwa sababu ni ngumu, na Kemia naipenda, hata kwenye baridi ile ya Mufindi. Lakini shule inayojisifia matokeo inapaswa iwe imewafundisha wale ambao bila yenyewe wasingefika. Kumwondoa wa 47 na kubaki na wa 80 hakuhitaji mwalimu, kunahitaji rula na kalamu nyekundu.

Jumanne, 2 Julai

Tumerudi. Kitanda cha juu amepewa mgeni aliyehamia, mwenye wastani wa 71, msichana mpole. Kutoka 3B wameondoka wanne.

Jumamosi, 13 Julai

Baraza la shule. Nilisimama. Magoti yalikuwa yanatetemeka, sauti haikutetemeka. Nikauliza: mwanafunzi ambaye alama zake zinapanda, kwa nini asipewe muhula mmoja zaidi kabla ya barua?

Ukumbi ukanyamaza, kisha wa nyuma wakapiga makofi, viranja wakawanyamazisha. Mkuu alijibu kwa heshima, namshukuru kwa hilo. Alisema ubora una gharama yake na wazazi walikubaliana na masharti. Kuhusu alama zinazopanda hakusema neno. Baada ya baraza mwalimu wa Hisabati alinipita karibu na maabara, akasimama, akaniuliza lile swali la kosaini N. alikuwa ameuliza lini. Nikamwambia. Akasema, "Ningelijibu," akaenda zake.

Jumapili, 21 Julai

Dakika mbili za simu. Mama kaniambia N. alipiga: amepokelewa shule ya kutwa ya kata karibu na kwao, anaanzia pale alipoishia, ila mwalimu wa Hisabati ni mmoja kwa shule nzima. Ameomba madaftari yangu ya Hisabati kuanzia Takwimu. Nanakili kila siku baada ya chakula cha usiku, na kando ya kila kanuni naandika sababu yake, kwa Kiswahili. Baba wa mwenzetu mmoja anasafiri kwenda Tanga mwisho wa mwezi, atayabeba.

Dada mkuu anakusanya maswali ya baraza lijalo. La kwangu nimeshampa: wale wanne wa 3B wamepelekwa shule zipi, na ni mwalimu gani amepiga simu kuuliza wanaendeleaje?