Kigoma: Mzinga Mkubwa, Boti Ndogo

Wengi wetu tukisikia Kigoma tunafikiria mambo matatu: dagaa, mawese na mwisho wa reli. Ongeza sokwe wa Gombe kama wewe ni mtu wa kuangalia runinga. Mwezi huu nataka niwapeleke kwenye Kigoma nyingine, ambayo haiandikwi sana kwenye kurasa za mapenzi na matanuzi: Kigoma ya mizinga. Dada, usifunge ukurasa. Na wewe kaka usianze kuchekelea. Mambo haya yanaihusu nyumba yenu kuliko mnavyodhani.

Tulikwenda wawili, mimi na mwenzangu. Haikuwa fungate. Yeye alikuwa amepewa uhamisho wa kikazi kutoka Dar kwenda Kigoma, cheo juu na mshahara juu, na alitakiwa kujibu ndani ya wiki mbili. Mimi nina kazi yangu Dar, na marafiki zangu, na mama yangu anayekaa vituo viwili tu vya daladala kutoka kwetu. Tulishafika mahali pa kuongea kwa meseji ndani ya nyumba moja. Mwisho tukakubaliana jambo dogo: tusibishane juu ya mji ambao mmoja wetu hajauona. Twende.

MWANGA, KATI YA MJINI NA UJIJI

Hatukulala hotelini. Mwenzangu ana baba yake mdogo Mwanga, mzee mstaafu wa jeshi, na kwa Waha kupita nyumba ya baba ukaenda kulipia kitanda ni kutafuta kesi. Mwanga ndiyo Kigoma ya watu wanaoishi. Mjini kwenyewe kuna bandari, stesheni waliyoijenga Wajerumani na ofisi za serikali. Ujiji kuna historia ya Livingstone na Stanley waliokutana mwaka 1871. Mwanga iko katikati ya barabara inayounganisha hiyo miji miwili: soko, vitenge, bajaji, maduka ya simu, rumba la Kongo linatoka mlango mmoja na bongo fleva mlango wa pili. Ukipata uwazi kati ya miembe, unaliona ziwa limelala pale chini, la bluu kama mtu kalipaka rangi.

Asubuhi unasalimiwa "Mwakeye!" hata na mtu ambaye hakujui. Dar ukisalimiwa hivyo unashika pochi.

Chakula, jamani! Migebuka iliyoungwa kwa mawese, na ugali wa muhogo unaovutika. Nilikula mpaka baba mdogo akasema, "Mkamwana, huyu samaki hana nauli ya kukimbia. Kula taratibu."

SOMO LA RISASI NDOGO

Jioni ya kwanza mzee alituuliza kilichotuleta, maana aliona tumekaa viti viwili mbalimbali. Mwenzangu akamweleza habari ya uhamisho. Mzee hakutoa ushauri. Alianza kutusimulia bunduki.

Zamani, akiwa kwenye mafunzo nje ya nchi, aliona kifaa cha kuifanya bunduki ya kivita aina ya M16 ipige risasi ndogo za .22, zile za kujifunzia shabaha. Jeshi la Marekani lilikuwa na kifaa cha namna hiyo, kiliitwa M261. Unatoa bolti ya bunduki, unaweka bolti nyepesi yenye chemba yake ndogo kwa mbele, unabadilisha na chakula cha magazini, basi. Mtutu hauguswi, kwa sababu upana wa risasi zote mbili karibu unalingana.

"Kwa nini usiweke tu risasi ndogo ukapiga, baba?" nikauliza.

"Haitalia, mwanangu. Risasi kubwa fataki yake iko katikati ya kitako, na pini inagonga katikati. Risasi ndogo fataki yake iko ukingoni, kwa hiyo pini lazima igonge pembeni. Na hata ikilia, haina nguvu. Kubwa inatoka kwa mita kama 990 kwa sekunde, ndogo kama 330. Ile bolti nzito ya mwanzo inasukumwa na gesi ya risasi kubwa. Hii ndogo haiiwezi. Ndiyo maana inapewa bolti yake nyepesi, ambayo inasukumwa na ganda lenyewe likirudi nyuma."

Akatueleza na jinsi ya kukijaribu. Unapiga taratibu, unahesabu kama kila ganda limetoka na kama risasi inayofuata imepanda yenyewe. Unaangalia shabaha imehama kiasi gani, maana risasi ya mwendo mdogo huanza kushuka mapema. Halafu unafungua na kusafisha, kwa sababu zile ndogo zinaacha uchafu mwingi. Ukimaliza unarudisha bolti ya mwanzo, na bunduki inabaki ile ile.

"Kutia kidogo ndani ya kikubwa si kazi," akasema. "Kazi ni kutia kikubwa ndani ya kidogo. Kesho nendeni mkaliangalie ziwa. Wazungu walijaribu hapa."

WALIVYOJARIBU

Kesho yake tulishuka mpaka tukaiona ghuba ya Kigoma. Vita vya Kwanza vya Dunia viliukuta mji huu ukiwa kambi ya Wajerumani. Reli kutoka Dar ilikuwa imefika mwaka 1914, na meli zao ndizo zilizotawala Ziwa Tanganyika.

Waingereza wakaamua kuleta boti mbili za injini kutoka kwao, zenye urefu wa mita 12 hivi. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, mtu aliyependa kutembea na sketi ya kaki, aliziita Mimi na Toutou, majina ya kuita paka na mbwa kwa Kifaransa. Boti zilikuwa nyepesi na zenye mbio. Kila moja ikafungwa mzinga wa kurusha kombora la ratili 3.

Juni 1915 Mimi ilijaribiwa kwenye mto Thames, London. Kombora lilikwenda sawasawa kwenye shabaha. Lakini mzinga na mpigaji wake wakarushwa mtoni, kwa sababu ulikuwa haujafungwa vizuri kwenye sakafu! Hata baada ya kufungwa upya, ilibidi upigwe ukiwa umeelekea mbele tu, kwa kuwa mwili wa boti usingestahimili teke lake ukipigwa kwa ubavu.

Boti hizo zikapelekwa kwa meli mpaka Cape Town, zikapanda treni, zikavutwa porini Kongo kwa mashine za mvuke na maksai, na mwishoni mwa 1915 zikafika upande wa pili wa ziwa hili. Desemba 26 ziliiteka meli ndogo ya Kijerumani, Kingani. Waingereza wakaipa jina Fifi, na mbele yake wakaweka mzinga wa ratili 12.

Februari 9, 1916, Fifi ilikuwa inaifukuza meli ya Kijerumani iitwayo Hedwig von Wissmann. Kila ilipopiga, teke la mzinga ule liliipunguza mwendo mpaka karibu isimame, na anayekimbizwa anazidi kwenda. Ilibidi Mimi itangulie mbele na kumchelewesha adui kwa mzinga wake mdogo, mpaka Fifi ikafika. Hedwig ilizama siku hiyo.

Mwenzangu alicheka sana hapo. Mimi nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa nawaza ile Fifi: kila ikipiga kwa nguvu, inabaki nyuma.

MELI ILIYOPEWA GOGO

Wajerumani nao walikuwa na la kwao. Julai 1915 meli yao ya kivita Königsberg iliishia kwenye delta ya Rufiji. Mizinga yake 10 ya milimita 105 iliopolewa na kusambazwa nchi nzima, na mmoja ukaletwa huku, ukafungwa kwenye Graf von Götzen. Meli hiyo ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa treni na kuungwa tena hapa Kigoma. Yenyewe ilikuwa na mwili wa kuubeba mzinga ule.

Shida ikaja mwaka 1916. Mzinga ulihitajika vitani nchi kavu, ukaondolewa, na mahali pake pakawekwa wa mti. Kwa mbali meli ilitisha vile vile. Waingereza hawakuisogelea. Lakini Julai 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipokaribia, gogo halikuweza kusaidia kitu. Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi, baada ya mafundi kuipaka mashine grisi nzito ili isiharibike.

Grisi ilifanya kazi yake. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba. Miaka ya 1970 ilibadilishwa kutoka mvuke kwenda dizeli, na ikaendelea kubeba abiria na dagaa kwa miaka mingi mingine. Badiliko kubwa kuliko yote, moyo mzima, na mwili ukalipokea, kwa sababu ilisimamishwa, ikafunguliwa, na mafundi wakapewa muda.

BASI, SISI JE?

Jioni ya mwisho tulikaa nje Mwanga, viti safari hii vimesogeleana. Baba mdogo alisema neno moja tu: "Msiulizane kama mzinga ni mzuri. Mzinga ni mzuri. Ulizaneni boti yenu itastahimili teke lake?"

Tukaongea mpaka saa sita usiku. Cheo chake ni kitu kizuri, sikatai. Lakini kukibeba maana yake ni mimi kuacha kazi, mama kubaki mwenyewe, na mtu mmoja kulishwa na mshahara wa mwenzake kwa mara ya kwanza tangu tuoane. Hilo ndilo teke, na kwa wiki nzima hatukuwa tumelitaja kwa jina. Tulikuwa tunatishana kwa mizinga ya mti: yeye "basi nitaikataa hiyo kazi", mimi "basi nenda". Wote tulijua hakuna aliyemaanisha.

Tumekubaliana kujaribu kama mzee anavyojaribu bunduki. Yeye atatangulia miezi mitatu. Mimi nitakuja kila mwisho wa mwezi. Tutahesabu kilichokwama na tutaangalia shabaha imehama kiasi gani, ndipo tuamue. Kama haitakaa, bolti ya zamani bado ipo. Kama itafaulu au la, tutaona. Lakini nyumba yetu imerudi kuongea kwa mdomo.

Na nyie mnaotaka kuhamia mji mpya, kuleta ndugu nyumbani au kufungua biashara kwa mkopo, kaeni chini mjibizane haya kwanza: Teke lake litampiga nani? Tumeifunga sakafu? Na tunachoonyeshana ni mzinga au gogo?

UKITAKA KWENDA

• Usafiri: Ndege kama una haraka. Treni ya reli ya kati kama mna mengi ya kuongea. Safari inazidi kilomita 1,200 kutoka Dar.
• Mwanga: Tembeeni sokoni asubuhi. Vitenge vya Kongo vipo, na bei inapungua ukisalimia kwanza.
• Ujiji: Makumbusho ya Livingstone na miembe yake. Bajaji zinafika.
• Ziwa: Boti za Gombe zinatokea Kibirizi. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani, kwa hiyo maboya vaeni, msione aibu.
• Liemba: Tulipokwenda ilikuwa haibebi abiria, inasubiri ukarabati. Ulizeni bandarini kabla ya kupanga safari.

Tukutane mwezi ujao. Mwakeye!