Bahasha ya Mgeni Rasmi

Kwa miaka tisa, kazi iliyonilisha mimi na wanangu ilikuwa kumtafuta mheshimiwa wa kufungua semina, kumwandikia hotuba atakayoisoma, na kumtilia fedha kwenye bahasha akishaisoma. Nilifanya hivyo Kigoma mjini, Ujiji, Mwandiga na vijiji vya kando ya ziwa. Cheo changu kwenye shirika kilikuwa mratibu wa mafunzo. Watu wa mwaloni Kibirizi walinijua kwa jina fupi zaidi: yule wa semina.

Nieleze ilivyokuwa, maana anayeshuhudia nusu hajashuhudia. Kulikuwa na karatasi ya malipo yenye safu za jina, cheo, kiasi na sahihi. Mgeni rasmi hakusaini mbele za watu. Karatasi yake ilikuwa ya peke yake, na nilimpelekea ndani ya faili la hotuba wakati namsindikiza kwenye gari. Nilimwambia, "Mheshimiwa, karatasi zako hizi," naye alijua. Nilimwandikia posho ya kujikimu mtu ambaye usiku ule angelala kitandani kwake, Kigoma hiihii. Nilimwandikia fedha za mafuta ya gari ambalo halmashauri ilikuwa imekwisha kulijaza. Mkono ulioandika ni huu ninaoandikia sasa.

Mama yangu alikuwa Muha wa Kasulu, na kwa Waha makofi ni salamu. Bibi yangu akikutana na mkubwa wake njiani alikuwa anainama kidogo, anapiga makofi taratibu, anaulizia nyumbani kwake mtu mmoja mmoja. Mimi niligeuza makofi yale kuwa kitu kingine. Nilisimama mbele ya watu wazima, wake kwa waume, nikawaambia wampigie mgeni rasmi makofi ya kilo, kisha nikawaonyesha kilo inavyokuwa. Nao walipiga. Baada ya hapo kila mmoja alipata soda na shilingi 5,000 ya nauli.

Mwezi Juni mwaka 2011 habari ilitoka Dodoma ikatufikia huku mwisho wa reli. Zitto Kabwe, wakati ule mbunge wa Kigoma Kaskazini, majirani zetu, alitangaza kwamba hatachukua tena posho ya vikao. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuelewa: mbunge ana mshahara, na kukaa kikaoni ndiyo kazi yenyewe anayolipwa mshahara huo. Posho ilikuwa shilingi 70,000 kwa siku. Nilikuwa nimekaa na wenzangu Mwanga, hapahapa Kigoma mjini, karibu na soko, tukamsema vibaya. Tukasema anatafuta sifa. Tukasema ana njia nyingine za kula. Mimi ndiye niliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote, na leo najua sababu: yule bwana alikuwa anazungumzia meza yangu. Mwisho wa mwaka uleule zikaja habari kwamba posho ile inapandishwa hadi 200,000, na Spika Anne Makinda akaeleza kwamba gharama za maisha Dodoma zimepanda. Nilifurahi. Ikiwa Bunge lenyewe linafanya, nikasema, mimi ni nani?

Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa reli. Sandukuni kwake alikuwa na kijitabu cha Azimio la Arusha, kimekauka kwa joto, na alikuwa mmoja wa wazee wanaokumbuka Februari 1967 kama watu wanavyokumbuka siku ya msiba au ya harusi. Miiko ya uongozi aliijua kwa moyo: kiongozi wa TANU au wa serikali asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha. Alijua pia kwamba mwaka 1991, kule Zanzibar, miiko hiyo ililegezwa, na hakupenda kulizungumzia jambo hilo. Nilipompelekea habari ya Zitto nikitarajia tucheke pamoja, aliniuliza, "Sasa mwanangu, kama ile ni ya kukaa, mshahara alipewa wa nini?" Nikamjibu kwamba mambo ya siku hizi ni magumu. Akanyamaza. Baba hakujua nilichokuwa nakiweka kwenye mafaili, na sikumwambia mpaka alipofariki.

Sasa nifike Kibirizi.

Ilikuwa mwaka 2013, mafunzo ya akina mama wanaoanika dagaa. Tuliyapanga wakati wa mbalamwezi, maana mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika, na watu wanapatikana. Mafunzo yalihusu vichanja. Dagaa akianikwa mchangani anashika mchanga, mvua ikimkuta anaoza, na bei inaanguka. Akianikwa juu ya kichanja cha miti na wavu, upepo unampita chini na juu, anakauka safi, na mnunuzi wa kutoka mbali anamlipia vizuri. Ni elimu nzuri na bado naiamini.

Kwa wiki mbili nilikuwa nimewasikiliza akina mama wale ili niandike hotuba. Waliniambia kitu kimoja kwa midomo mingi: gunia linatozwa ushuru mwaloni, kisha linatozwa tena njiani, na anayetoza wa pili hatoi stakabadhi. Nikaliweka jambo hilo kwenye hotuba, ukurasa wa pili, sentensi moja tu, kwamba ofisi ya mheshimiwa italifuatilia. Lilikuwa jambo la kweli, na mwenye uwezo wa kuliuliza alikuwa ndiye msomaji wa hotuba.

Fedha za siku ile hazikutosha, na mfanyabiashara mmoja akajitolea kuongezea. Alikuwa na zabuni ya kukusanya ushuru. Alilipia hema, viti, chakula, na akaongeza kwenye bahasha ya mgeni rasmi ikafika laki tatu. Usiku wa kuamkia mafunzo alinipigia simu akaomba asomewe hotuba. Nikamsomea. Tulipofika ukurasa wa pili akasema kwa upole kabisa, bila kutishia, "Hiyo ya ushuru, bwana mratibu, si itamkwaza mheshimiwa? Siku ni ya dagaa." Nikaifuta. Sikumuuliza mheshimiwa kama ingemkwaza. Nilichapa upya ukurasa nikalala.

Mgeni rasmi alifika saa tano, akina mama wakiwa wamekaa tangu saa mbili. Akasoma. Alisoma vizuri, ana sauti nzuri, na sentensi ile haikuwamo. Niliona wanawake watatu wa mbele, wale walionieleza habari za stakabadhi, wakiinua macho ukurasa wa pili ulipoanza, wakangoja, ukurasa ukaisha. Nikawaongoza kupiga makofi. Akaondoka na faili lake.

Wakati wa kukunja viti, mama mmoja wa makamo, mikono yake bado na magamba ya samaki, akaja akaniuliza, "Baba, ile hotuba ilikuwa shilingi ngapi?" Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa amemwona yule mwenye zabuni akila pamoja na mgeni, na alitaka kujua bei. Nikasema mheshimiwa halipwi, amejitolea. Akaniangalia muda, akasema, "Haya, mwanangu. Mimi nilitaka kujua tu, maana na sisi tungechanga."

Sitaki kusema nilibadilika siku ile. Sikubadilika. Niliendelea na bahasha kwa mwaka mzima na zaidi, ila neno lile "tungechanga" likawa linanirudia nikiwa na kalamu mkononi. Lilikuwa halinilaumu. Lilionyesha kwamba mama yule alikuwa ameielewa kazi yangu kuliko mimi. Alikuwa ameelewa kwamba hotuba ina mwenyewe, na mwenyewe ni yule aliyeilipia. Laki tatu ile ingejenga vichanja vitatu, nilipiga hesabu baadaye, lakini hata hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba wale akina mama walikuwa wamekwisha kumlipa mheshimiwa. Kila gunia lililokatwa ushuru lilikuwa na sehemu ya mshahara wake. Mimi nikachukua fedha ya mtu mwingine nikawafidia maneno yao wenyewe kwa ukimya.

Ramadhani ya 2014 nilikwenda kwa mjomba wangu Ujiji. Alikuwa mwalimu wa madrasa, mtu wa kualikwa kwenye Maulidi na hitma kusoma na kutoa mawaidha. Nilikwenda nikitaka anipunguzie mzigo. Nikamwambia, "Mjomba, hata wewe ukimaliza mawaidha unapewa nauli na sukari. Tofauti iko wapi?" Nilikuwa nimeitayarisha hoja hiyo njia nzima. Hakukasirika. Akafikiri, tukiwa tumekaa barazani chini ya mwembe, kisha akasema, "Napewa, na nashukuru. Lakini hakuna anayenichagulia aya. Siku mwenye shughuli akiniambia nisiguse riba kwa sababu yeye anakopesha, nauli yake nitaiacha juu ya mkeka." Akaniuliza, "Wewe yako ulichaguliwa?" Nikamweleza ukurasa wa pili. Nilimweleza yote, mara ya kwanza kumweleza mtu. Adhana ya magharibi ikaingia, tukafuturu, na hakunisema neno. Akanijazia tu kikombe changu.

Wengine wananiambia kwamba dunia nzima ndivyo inavyokwenda, na wananitajia Marekani. Ni kweli. Hillary Clinton, baada ya kuacha uwaziri wa mambo ya nje mwaka 2013, alilipwa dola 675,000 kwa hotuba tatu kwa benki ya Goldman Sachs. Barack Obama, mwaka 2017, akiwa ametoka madarakani miezi michache tu, alikubali dola 400,000 kwa hotuba moja mbele ya watu wa Wall Street. Hawakuvunja sheria, na walikuwa wametoka ofisini. Lakini Clinton alipogombea urais mwaka 2016, wapiga kura wengi walitaka kuonyeshwa maandishi ya hotuba zile, wajue alisema nini mle ndani. Niliposikia hilo nilimkumbuka yule mama. Ni swali lake, limevuka bahari. Na kwetu hapa hatungoji mtu astaafu. Tunamlipa akiwa bado na muhuri wa ofisi mfukoni.

Mwezi Januari 2015 nilimwambia mkubwa wangu wa kazi kwamba sitaandika tena karatasi ya malipo ya kiongozi anayelipwa mshahara na umma. Atakayekuja atapewa maji na kiti, na gari lake lina mafuta. Nikasema pia hotuba haitasomwa kwa mtu yeyote kabla ya wahusika wenyewe kuisikia. Mkubwa wangu hakuwa mtu mbaya. Aliniuliza, "Nani atakuja?" Miezi minne iliyofuata ilimjibu. Tuliandika barua saba. Wengi walikuwa na udhuru, wawili hawakujibu. Mkataba wangu ulipokwisha haukuongezwa. Nikaanza kuuza mawese Mwanga, ndiyo kazi yangu mpaka leo, na mwaka wa kwanza wanangu waliuhisi.

Kilichoniuma zaidi kuliko barua zile kilikuwa kwa wavuvi wenyewe. Niliporudi Kibirizi kama mtu binafsi, kuzungumza tu juu ya vichanja, vijana waliniuliza posho yao iko wapi. Niliwafundisha mimi. Miaka tisa niliwalipa watu kusikiliza, na sasa kusikiliza bure kwao kulikuwa hasara. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliifuta takrima kwenye sheria ya uchaguzi, ile ruhusa ya mgombea kuwakirimu wapiga kura, iliyoingizwa mwaka 2000. Nilifurahi wakati ule, nikijiona mtu safi. Sikuona kwamba soda yangu na elfu tano yangu vilikuwa vinafanya kazi ileile nje ya msimu wa uchaguzi.

Vichanja nimejenga sita kwa fedha yangu, kimoja kimoja. Sisemi nimelipa deni. Sina hesabu ya kila nilichokiandika miaka ile, na wengine waliosaini wamekwisha kufariki.

Mwaka uliofuata kwisha kwa mkataba wangu, mbalamwezi nyingine, akina mama wa Kibirizi waliitisha kikao chao wenyewe, wakamwita diwani mmoja. Walinikaribisha nikakaa nyuma. Diwani alikuja na bodaboda aliyoilipia mwenyewe, kabla ya saa tatu, bila faili. Hakukuwa na hema. Yule mama wa makamo alisimama, akauliza habari ya ushuru wa pili na stakabadhi, sentensi yangu ileile, sasa kwa mdomo wake, na ndefu mara kumi. Diwani alikunjua mikono akasema hajui, hana jibu, atauliza halmashauri, na Alhamisi atarudi.

Baadhi waliguna. Mama akamwinamia kidogo, akapiga makofi taratibu, mawili matatu, kama bibi yangu. Alhamisi nilifunga duka mapema nikashuka mwaloni. Diwani alikuwa amekaa juu ya gunia, na karatasi magotini, anawasomea viwango vya ushuru, na akina mama wamemzunguka wakimkatiza kila mstari.