SEHEMU YA 7: Kwa nini choo cha mtoto kinasafiri mpaka Entebbe?

Bado tuko kwenye polio, ila leo natoka kidogo kliniki nawapeleka maabara. Swali hili mmeniuliza mno: "Nesi, mtoto akilegea mguu ghafla mnachukua choo chake kinapelekwa nje ya nchi. Kwani hapa hatuna maabara?"

Tunazo, nyingi tu. Ya kituoni inapima malaria, mkojo, wingi wa damu. Lakini kumtafuta kirusi wa polio kunataka jengo lake, darubini peke yake haitoshi. Ndiyo maana sampuli zetu za Tanzania zimekuwa zikienda Entebbe, Uganda, kwenye taasisi yao ya utafiti wa virusi.

Fikiria jikoni kwako. Ukikata kuku mbichi kwenye ubao, halafu kachumbari hapohapo, unajua kitakachofuata. Maabara ya virusi inaogopa hichohicho. Chumba cha kukuzia seli safi kinatengwa na chumba ambamo seli hizo zinawekewa sampuli. Kipimo cha vinasaba nacho kina vyumba vyake: kimoja cha kuchanganyia dawa za kipimo, kingine cha kushughulikia sampuli, kingine cha kuzidishia vinasaba. Mtu anatembea upande mmoja, kutoka kusafi kwenda kuchafu, na koti la chumba cha mwisho halirudi cha kwanza. Vyumba vya hatari zaidi hewa yake inavutwa kuelekea ndani, ili mlango ukifunguliwa isitoke na kitu.

Yote hayo yanaamuliwa kwenye karatasi kabla ya tofali la kwanza. Ukuta ukikaa pabaya, hata mtaalamu hodari anaweza kutoa jibu baya. Mtoto asiye na kirusi anaambiwa anacho. Fikiria huyo mama usiku huo.

Sasa kisa ninachokipenda. Ile sindano ya polio ya wiki ya 14 asili yake ni kazi ya daktari wa Marekani, Jonas Salk. Aprili 12, 1955 ilitangazwa kwamba chanjo yake ni salama na inafanya kazi. Alishaichoma kwa wanawe watatu mwaka 1953! Na pesa za utafiti zilitokana kwa sehemu kubwa na sarafu za watu wa kawaida. Kina mama walipita nyumba kwa nyumba kuzikusanya, jamani, kina mama kama nyie.

Baadaye Salk akataka kujenga nyumba ya watafiti. Mwaka 1960 wananchi wa San Diego walipiga kura kumpa ardhi, pale La Jolla, juu ya bahari. Msanifu alikuwa Louis Kahn, na majengo ya maabara yakakamilika 1965.

Kilichonifurahisha ni mabomba. Juu ya kila sakafu ya maabara kuna ghorofa nzima ya mabomba, nyaya na njia za hewa, na mtu mzima anasimama wima humo. Fundi anatengeneza huko juu, chini kazi inaendelea. Mimi nimeshafanya kazi wodi ambayo bomba likipasuka tunahamisha vichanga, mama zao wanatufuata na mablanketi. Nilivyosoma habari za ghorofa ile nilikaa kimya kidogo.

Tena ndani ya maabara hakuna nguzo katikati. Chumba ni kitupu mwisho hadi mwisho, meza na mashine zinapangwa upya utafiti ukibadilika. Vyumba vya kukaa na kufikiri vimewekwa kando, unavuka kidaraja, na dirisha linatazama bahari. Uwanja wa katikati ni mawe matupu, hauna mti. Walishauriwa hivyo na msanifu wa Mexico, Luis Barragán. Wanausifu dunia nzima, ila mimi ningepanda mwembe.

Haya, la kwako. Mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea ghafla mkono au mguu, mlete kituoni siku hiyohiyo. Usianze kumkanda, usisubiri wiki iishe. Tutachukua choo mara mbili, zikipishana angalau saa 24, na zote ndani ya siku 14 tangu alipolegea. Zitakaa kwenye koldi boksi yenye barafu, maana jengo liwe zuri vipi, kirusi akifa njiani kwa joto hawatampata, na sisi tutabaki hatujui kama yuko mtaani.

Na ukimaliza kusoma, toa kadi ya kliniki. Tafuta mstari wa sindano ya polio. Kama mtoto ameshapita wiki ya 14 na hapo hapana tarehe, njoo naye kesho asubuhi, hata kama mmechelewa miezi. Hatukufukuzi.