Bili Inapofika Mezani

Siku bumu linapoingia, hapa Mlimani huhitaji kuambiwa. Foleni kwa wakala wa pesa inafika barabarani, wauza chipsi wa Mwenge na Savei wanawasha jiko la pili, na makundi ya WhatsApp yaliyokuwa kimya tangu wiki ya mitihani yanafufuka kwa swali moja: "Wakuu, leo tunatokea wapi?" Mtu aliyekuwa anashindia chai ya rangi na maandazi mawili anaanza kulinganisha bei za pizza.

Sina ugomvi na hilo hata kidogo. Dar es Salaam ni jiji la kula, na ukiwa na washkaji na nauli, hulimalizi. Coco Beach kuna mihogo ya kukaanga inayokuja na kachumbari na pilipili, unakula huku upepo wa bahari unakupiga usoni. Feri, samaki wananadiwa asubuhi, mchana wenzao wako kwenye karai la mafuta. Jioni ukipita Kisutu, moshi wa mishkaki na kuku wa mkaa unakuvuta kabla hujaona jiko. Sinza kuna nyama choma na ndizi. Mlimani City, iliyojengwa kwenye ardhi ya chuo chetu wenyewe, unafika kwa miguu. Halafu kuna zege, mfalme wetu, ambaye nadhani alipewa jina hilo kwa sababu mayai yanavyoshika viazi ndivyo saruji inavyoshika kokoto, na tumboni kazi ni ileile.

Ninachotaka kuzungumzia ni dakika tano za mwisho, pale mhudumu anapokuja na kile kijitabu cheusi, anakiweka katikati ya meza, anaondoka kana kwamba hakuweka kitu.

Tuanze na hesabu. Mnufaika wa mkopo anapangiwa 10,000 kwa siku, za chakula na malazi. Lakini hazitoki kila siku, zinatoka kwa mkupuo. Mkupuo wa siku 60 ni 600,000, na kijana wa miaka 20 akiona 600,000 kwenye simu yake hazisomi kama 10,000 mara 60. Anazisoma kama 600,000. Sisi tusio na mkopo ndio tunazisoma vizuri, kwa kuwa si zetu.

Ndiyo, mimi ni wa upande huo. Nasomeshwa na mama mdogo, ambaye ni mama ntilie kule Temeke. Kila Jumapili usiku simu yangu inalia: 20,000, na ya kutolea juu. Hajawahi kuchelewa. Hela hiyo ni msosi wa wiki, vocha, na kuchapisha kazi za darasani.

Mwaka jana mmoja wetu alitimiza miaka 22. Tulikuwa watu wanane, tukaenda mgahawa mmoja upande wa Masaki, wa taa hafifu na viti ambavyo ukikaa hujui kama umekaa au umelala. Kabla ya kutoka chuoni nilikula wali maharage wa 2,000, nikashiba kabisa, ili nikifika kule niagize juisi tu na kupiga stori. Juisi yenyewe ilikuwa 6,000. Nikainywa polepole kama dawa. Wenzangu waliagiza kamba, baga, sahani za kushirikiana, na vitu ambavyo mpaka leo sijui vilikuwa nini. Jioni ilikuwa nzuri, nisiseme uongo. Tulicheka mpaka meza ya jirani wakaanza kucheka bila kujua wanacheka nini.

Bili ikaja. Chakula na vinywaji 200,000. Chini yake VAT ya asilimia 18, yaani 36,000. Jumla 236,000. Mwenzetu mmoja, mtu mwema kabisa, akasema maneno ambayo sasa nikiyasikia tumbo linakaza: "Tugawane tu sawasawa, tusisumbuane."

29,500 kila mmoja.

Nililipa. Ningefanyaje? Ungesema, "Samahani, mimi nilikunywa juisi," mbele ya mwenye sherehe? Meza nzima ingekugeukia, mmoja angesema "basi tumtoe huyu," mwingine angeanza kukulipia kwa sauti, na hapo umeshageuka kuwa habari ya jioni. Kwa hiyo unatoa simu, unapiga lipa namba, unatabasamu. Nikiwa kwenye bodaboda niliyopewa lifti nikapiga hesabu: wiki nzima ya mama mdogo na nusu ya nyingine. Sahani 14 za wali maharage, na chenji.

Baada ya siku hiyo nilijifunza lugha mpya. Wengi wenu mnaijua, na kama huijui, basi umekuwa ukiambiwa bila kuielewa. "Leo nina test kesho." "Tumbo halijakaa vizuri." "Nimeshakula, wakuu, mtanisimulia." "Nipo mbali kidogo." Ukiizungumza lugha hiyo kwa mwezi mmoja, watu wanaacha kukuuliza. Wakiacha kukuuliza, kundi linahamia kwenye kundi lingine la WhatsApp ambalo wewe humo. Hakuna aliyekufukuza. Ni kwamba urafiki wa chuo unakaa mezani, na wewe mezani hupo. Kazi ya kikundi inapangwa pale, habari ya nafasi ya field inatajwa pale, na aliyefiwa anaanza kulia pale. Nilijua kwamba mwenzetu mmoja amefiwa na baba siku nne baada ya mazishi.

Wazee waliosoma hapa miaka ya 1970 wanashangaa tukiwasimulia haya. Kwao, chakula kilikuwa cha serikali: unaingia kafeteria, unapanga foleni, mtoto wa waziri na mtoto wa mkulima wa pamba wanapakuliwa wali uleule. Baadaye ikaja sera ya kuchangia gharama, na meza ile moja ikagawanyika vipande. Sitamani yarudi yote. Wao wenyewe wanasema maharage yale yalikuwa na wadudu. Ila meza waliandaliwa. Sisi tunaiandaa wenyewe, na hatujafundishwana namna.

Aliyenirudisha ni mwenzetu kutoka Pemba. Ametuzidi umri, alifundisha shule kabla ya kuja chuo, na tunamwita Kaka Mkuu. Alinikuta kwenye ngazi za maktaba, akakaa, akaniuliza bila salamu ndefu:

"Mdogo wangu, siku hizi una njaa ndogo au mfuko mdogo?"

"Mfuko, kaka."

"Basi sema mfuko. Tumbo usilisingizie, halijakukosea."

Akanieleza kitu ambacho mimi, mtoto wa Temeke niliyezaliwa na Kiswahili mdomoni, sikukijua. Kwao watu wakitaka kula pamoja wana njia mbili. Ya kwanza ni kula bia, na si bia ya chupa: ni kila mtu kutoa fungu lake, chakula kikapikwa kikaliwa. Ya pili ni kula kikoa: kwa zamu. Leo wewe unawalisha wote, kesho mimi, keshokutwa yule, mpaka duara liishe, lianze tena. "Nyinyi," akasema, "mnakula bia ya kibubu. Kila mtu anaagiza kwa mfuko wake, halafu mnalipa kwa mfuko wa mkubwa."

Jioni hiyohiyo aliandika kwenye kundi, bila kunitaja: kuanzia wiki ijayo tunakula kikoa, kila Ijumaa. Masharti matatu. Mwenye zamu ndiye anayechagua pahala, kulingana na alichonacho. Mwenye zamu ndiye anayeagiza kwanza, na hakuna anayeagiza kumzidi. Na hakuna anayetoa neno kuhusu pahala, si kwa kusifu wala kwa kubeza.

Piga hesabu uone uzuri wake. Watu wanane, wiki nane. Nikiweka 2,500 kila wiki, zamu yangu ikifika nina 20,000: sahani nane za 2,500. Yaani nimelipa sahani moja kwa wiki, nimekula mara nane, na mara moja katika nane nimekuwa mwenyeji. Hilo la mwisho ndilo lililonigusa. Kulipiwa na rafiki ni jambo jema mara ya kwanza. Mara ya tano unaanza kucheka vichekesho vyake hata visivyochekesha.

Basi tumezunguka. Wa kwanza alitupeleka Coco kula mihogo. Wa pili, ambaye baba yake ana maduka Kariakoo, alitupeleka kwenye biriani ya haja, akalipa zote, na kwa kuwa masharti yalikataza kusifu, tulisema asante tu na stori zikaendelea. Dada zetu watatu wana zamu zao kama wengine. Mmoja alisema wazi kwamba kwake hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote: amekula na wanaume miezi miwili bila mtu kumtumia ujumbe usiku wa manane kumkumbusha nani alilipa kuku. Na kwa kuwa nusu ya meza ni Waislamu, wapenda kitimoto wameweka uzalendo mfukoni siku ya Ijumaa. Siku nyingine sita ni zao.

Zamu yangu niliwapeleka Temeke, kwa mama mdogo.

Sitasema sikuwa na wasiwasi. Kibanda kina mabenchi mawili na meza ya turubai la maua, na huwezi kuonyesha menyu kwa sababu menyu ni masufuria yenyewe, unafunuliwa unachungulia. Mama mdogo alituona tunashuka, akaangalia idadi, akaangalia sufuria la wali, na nikajua anachohesabu. Kilo moja ya mchele kwake inatoa sahani sita, saba akibana mkono. Pembeni kuna mkaa, mafuta, nyanya ambazo bei yake hailali na kuamka ileile, na daftari la mkopo la bodaboda wanaolipa jioni. Sahani ya 2,500 ikibaki na 500 yake, siku hiyo imekuwa njema. Hizo 500 zikikusanyika arobaini ndizo zile zinazolia kwenye simu yangu Jumapili.

Alimwagia Kaka Mkuu maji ya kunawa kwanza kwa kuwa ni mkubwa, halafu sisi. Tukala wali, samaki wa nazi, mchicha, na mchuzi wa kuongeza bila malipo. Pale jirani kulikuwa na bodaboda wanne, na mmoja alipomaliza alisimama akalipa za wote, wenzake hata hawakuinua macho. "Leo yake," mama mdogo akanieleza. Kumbe wana kikoa chao, wala hawajasoma popote.

Nilipotaka kulipa alinikazia macho. Nikamwambia, "Mama, leo ni zamu yangu." Akaelewa. Akapokea 20,000 kamili mbele ya wageni wangu, akazihesabu, akazifunga kwenye ncha ya khanga. Kama angenisamehe zile hela, angekuwa ameila zamu yangu.

Najua pingamizi. Watu wengine watakwepa: zamu yao ikikaribia, bibi anaugua. Kwetu mmoja ameshaomba kusogezewa mara mbili, na tumemsogezea. Akiomba ya tatu Kaka Mkuu ataenda kukaa naye kwenye ngazi. Wengine watatumia zamu kujionyesha. Na kundi la watu ishirini haliwezi kikoa, duara lake litaisha mmeshahitimu. Kwa hayo kuna njia nyepesi: kabla ya kutoka, mwandike pahala na bei kwenye kundi, na mkubaliane mapema kwamba kila mtu atalipa alichoagiza. Mhudumu ukimwomba tangu mwanzo atawatenganishia bili. Anachochukia ni kuombwa mwishoni.

Wazee wanasema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, yaani wa kula naye ni wengi kuliko wa kufa naye. Sawa. Lakini chuoni ndugu uliyezaliwa naye yuko mbali. Ukiugua usiku Hall Two, anayekubeba ni huyo wa kula naye. Kwa hiyo bumu likiingia, tokeni, kuleni bata, jiji ni lenu. Ila kwenye kundi lenu pia yupo mmoja ambaye ana test kila Ijumaa. Muulize swali la Kaka Mkuu, mkiwa wawili tu, halafu umpe zamu.