Washindani Chini ya Boneti Moja

Muhula uliopita mhadhiri wetu alitupa, wawili wawili, kazi ya kutafsiri matini kuhusu magari ya haibridi, yaani yanayotumia injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Nilipangwa na mwenzangu ambaye tumegombania nafasi ya kwanza tangu tuingie chuoni. Baba yake ni fundi magari hapa Kampala. Mimi nilikuwa na kamusi, yeye alikuwa na baba. Wiki mbili nzima kila mmoja alimficha mwenzake orodha yake ya istilahi.

Matini yenyewe ndiyo iliyonitia aibu. Desemba 2004, General Motors na DaimlerChrysler, kampuni zinazonyang'anyana wateja, zilikubaliana kuunda mfumo mmoja wa haibridi. BMW ikajiunga mwaka 2005. Wahandisi wao waliketi pamoja mjini Troy, Michigan. Toyota ilikuwa ikiuza Prius tangu 1997, na kuikimbiza kulihitaji fedha nyingi. Wakatengeneza giaboksi yenye mota mbili za umeme ndani yake, inayofanya kazi kwa namna mbili: moja ya mwendo wa polepole, nyingine ya barabara kuu. Kisha kila kampuni ikaifunga kwenye gari lenye nembo yake, ikarudi sokoni kushindana.

Haikuwa ndoa ya kudumu. Daimler na Chrysler waliachana 2007, na magari yaliyotoka, kama Chevrolet Tahoe na BMW X6 za haibridi, yalikuwa makubwa na ghali. Wanunuzi hawakuwa wengi. Mwenzangu alicheka niliposoma sehemu hiyo. "Kumbe walishirikiana wakaanguka pamoja!" Sikuwa na jibu. Hata hivyo nilimsukumia orodha yangu, maana tarehe ya kukabidhi ilikuwa kesho kutwa.

Akaitazama, akanyamaza, kisha akanipeleka gereji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hizo nyaya za rangi ya chungwa usiguse, zinaua."

Mzee huyo alifanya kazi Mombasa miaka mingi, na kwa saa moja alitupa maneno ambayo kamusi yangu haina. Nyaya zile tuliziandika kama alivyoziita: nyaya za umeme mkali.

Tulipata alama sawa. Mtihani wa mwisho bado tunaugombania, na daftari langu la fonolojia sijamwonyesha.